Mkopo wa sacco baada ya kufutwa kazi: ujitoe au uombe muda?

Ukiachishwa kazi kwenye shamba la maua Naivasha, makato ya mshahara hukoma, mkopo wa sacco (chama cha akiba na mikopo) haukomi. Kujitoa uanachama ni njia ya haraka: akiba yako inakatwa kulipia deni. Inafaa kama akiba inazidi deni. Lakini sacco nyingi hukopesha hadi mara 3 ya akiba, kwa hiyo mara nyingi haitoshi, na salio linawaangukia wadhamini, yaani yule mwenzako wa kufunga maua uliyekuwa ukila naye githeri. (Usidhani atanyamaza.) Kuongezewa muda hushusha rejesho la mwezi, ingawa riba yote kwa jumla hupanda. Mimi ningeomba muda, na barua ningeifikisha ofisini kabla rejesho la kwanza halijakosekana.