Mfano wa sinapsi wa plastiki: unapendeza, lakini umeishia njiani

Mfano huu wa plastiki ngumu wa sinapsi, yaani mahali ambapo neva hupitisha ujumbe kwenda seli nyingine, wenye ukubwa wa mpira wa miguu, niliununua kwa shilingi 180,000 katika duka la zana za kufundishia jijini Dar es Salaam, kwa ajili ya darasa langu la fiziolojia. Ufundi wake sina neno nao: unafunguka katikati kama dafu lililopasuliwa, na vifuko vya kemikali za kupitisha ujumbe, ambavyo kwa uhalisia vina kipenyo cha nanomita 40 hivi, vimekuzwa kufikia punje za choroko.

Ila vifuko hivyo vinaelekea upande mmoja tu, wa kutoka; hakuna kinachoonyeshwa kikirudi. Viwili vimeungana na utando wa nje wa neva na kufunguka, basi. Mwanafunzi mmoja alivihesabu, akapata 31, akauliza: "Mwalimu, hivi vikiisha, vingine vinatoka wapi?" Kiini cha seli kinaweza kuwa umbali wa hata mita moja kutoka ncha ya neva, kwa hiyo neva ingenyamaza ikisubiri mzigo mpya kutoka huko. Mwaka 1973 watafiti Heuser na Reese, wakichunguza neva na msuli wa chura, walionyesha kwamba utando wa vifuko vilivyokwisha kumwaga hurudishwa ndani na kutumika tena. Katika njia inayofahamika zaidi, protini ya klathrini huuvika utando huo kimia, protini nyingine, dainamini, huukata shingoni, kisha protini za sinaptojanini na auksilini huuvua kimia hicho ili kifuko kijazwe upya.

Kwa wanaosomea uuguzi na utabibu, hapo ndipo penye uzito. Hitilafu za jeni za protini hizo mbili za mwisho zimekutwa katika familia chache ambazo watu wake hupata ugonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito) wakiwa vijana, wengine hata kabla ya miaka 20. Na protini ya alfa-sinukleini, ambayo huganda katika ubongo wa wagonjwa wengi wa Parkinson, kwa kawaida hukaa kwenye vifuko hivi hivi. Haimaanishi kwamba kila mgonjwa alianzia hapo, lakini mfano unaoandikwa "sinapsi kamili" kwenye boksi haukupaswa kupaacha.

Nimeuziba upungufu huo kwa udongo wa kufinyangia na vipande vya wavu wa mfuko wa vitunguu, ambao, kusema kweli, unafanana na klathrini kuliko chochote kilichomo bokisini. Shule ya sekondari inaweza kuununua bila wasiwasi. Chuo cha afya kisubiri toleo jingine, kwani muuzaji harudishi fedha.