Mfuniko wa wavu kwa tangi la maji chumvi: uzoefu wangu wa miezi 14

Samaki wangu wa kwanza kufa hakufia majini. Nilimkuta nyuma ya meza ya tangi siku ya pili, baada ya kufuata msafara wa sisimizi uliotoka chini ya mlango wa jikoni ukaambaa na ukuta hadi kwenye kona. Alikuwa amekauka kama ng'onda, mkia umejikunja, rangi imebaki kidogo tu upande wa nyuma. Ni faya-fishi, yule mwembamba, mweupe mbele mwekundu nyuma, pezi la mgongoni limesimama kama antena ya redio ya zamani. Kitaalamu anaitwa Nemateleotris magnifica. Muuzaji alinieleza anakula nini na anaelewana na nani. Kwamba anaruka, hakutia neno.

Ukimtazama siku mbili tatu utaelewa kwa nini. Huyu hukaa juu kidogo ya tundu lake, kichwa kimeelekea mkondo, anadonoa vijidudu vinavyopita. Akishtuka, anazama shimoni. Kwangu kulikuwa na samaki mwingine mkubwa mkorofi aliyelimiliki lile shimo, basi njia iliyobaki ilikuwa juu. Baharini kwenda juu ni kukuta maji zaidi. Kwenye tangi langu juu kulikuwa na sentimita tano za maji, kisha vigae vya sebule.

Sisi wa pwani tulitakiwa tulijue hili bila kufundishwa. Hasira za mkizi tijara ya mvuvi, tunaisema kila siku, na mkizi wenyewe tumewaona wakijirusha ngalawani. Lakini mimi si mvuvi, na faya-fishi haliwi na wali.

Tangi lenyewe ni sentimita 120 kwa 45 kwa 50, yaani lita 270 kabla ya kutia mawe. Kioo cha milimita 10, halina ukingo wowote juu. Liko ghorofa ya tatu hapa Mombasa, na mwezi wa Machi sebule yetu inafika nyuzi 32 mchana. Hili la joto lishike, kwa sababu ndilo lililoamua mambo.

Kwanza nilifanya alivyofanya kila mtu: nikakata kioo cha kufunika. Samaki hakutoka, kweli. Lakini feni inayopuliza juu ya maji ndiyo inayonipozea tangi, na chini ya kioo feni haina kazi. Ndani ya siku mbili maji yalitoka nyuzi 27 na nusu hadi 30 na nusu. pH ya asubuhi, kile kipimo cha asidi ya maji, ikashuka hadi 7.8, maana hewa chafu haikuwa na pa kutokea. Na kile kioo kikashika umande na chumvi hadi taa ikawa kama mbalamwezi ya mawingu. Baada ya wiki mbili nikakiondoa. Karatasi ngumu ya plastiki nayo usijisumbue. Inanyonya unyevu na kupinda kama kaukau.

Ndipo nikaagiza mtandaoni hii seti ya mfuniko wa wavu. Pamoja na usafiri ilinigharimu shilingi 9,400, ikachukua wiki tano kufika. Ndani ya boksi kuna vipande vya fremu ya alumini vyenye rangi nyeusi, kona nne za plastiki, wavu angavu wenye matundu ya milimita 6, kamba ya mpira ya kubania wavu kwenye mfereji wa fremu, na kigurudumu kidogo cha kuisukumia. Ukiwa umewahi kumwona fundi akitia neti ya mbu dirishani, ni kazi ileile.

Wavu wenyewe sina neno nao. Ni laini, hauonekani ukiwa umekaa kwenye kochi, na mwanga unapita kama kawaida. Matumbawe yangu laini hayakuonyesha kuona tofauti. Hewa inapita, feni inafanya kazi yake, maji yamerudi 27. Gharama ya hayo ni maji kupungua. Kwangu zinakwenda lita nne hadi tano kwa siku, na kwa kuwa chumvi haipai, ninajazia maji baridi yaliyochujwa, siyo ya bahari. Dumu la lita 20 ni siku nne au tano. Nimezoea.

Fremu ndiyo iliyonitoa jasho. Maelekezo yanasema uvute wavu ukaze. Nikakaza, nikajiona fundi. Nilipoiweka juu ya tangi nikaona pande ndefu zimepinda kuingia ndani kama upinde, na katikati kukawa na mwanya wa kupitisha kidole gumba. Wavu ulikuwa umeivuta fremu. Ikabidi niing'oe kamba yote na kuanza upya, safari hii wavu ukiwa umelala tu, hauna mikunjo lakini haupigi mlio ukiugonga. Kwa urefu wa sentimita 120 seti ilipaswa kuja na kipande cha kukatiza katikati. Haina. Hilo ninalihesabu kuwa kosa la mtengenezaji, wala si langu.

Kosa langu lilikuwa kwenye kona. Bomba la kurudisha maji linapita kona ya nyuma kulia. Lina unene wa milimita 25, nami kwa uvivu nikakata pengo la karibu sentimita sita kwa sita ili nisihangaike wakati wa kusafisha. Tangi lina mita tatu za mzingo na zaidi kidogo juu, pengo ni ukubwa wa boksi la kiberiti. Nani atalipata?

Alilipata. Mwezi wa tatu, usiku, samaki wangu mwingine, wa jamii ya Cirrhilabrus, binamu mdogo wa pono, wa kijani mwenye michirizi. Hawa wanaogelea wakiambaa na kioo, na wakifika kona hawana pa kwenda ila kupanda, kwa hiyo pengo la konani si sehemu ndogo ya mfuniko, ni mlango mkuu. Bahati yake mke wangu alikuwa ameamka kunywa maji. "Baba Salma, kuna kitu kinapigapiga hapa chini!" Nikalowesha mikono kwanza, nikamwokota na vumbi lake, nikamrudisha. Alijificha kwenye mawe siku nzima, mapezi yamechanika, kisha akala. Yupo mpaka leo.

Asubuhi yake nikachukua mabaki ya wavu, nikakata kipande, nikakipasua mstari katikati, nikakivisha bomba na kukifunga na kebo tai. Shilingi hamsini. Waya wa feni na wa kipasha joto nao nikavipitisha humohumo. Sasa hakuna mwanya unaopitisha kidole kidogo changu cha mkono, na hicho ndicho kipimo ninachotumia: ninazunguka tangi lote nikijaribu kukiingiza.

Kabla ya kufikia hapo nilifikiria kuachana na seti na kumpa kazi fundi wa alumini wa mtaani. Yeye alitaka 2,500 tu, na nasema kweli kona zake zilikuwa imara kuliko za seti. Tatizo lilikuwa wavu.

"Bosi, nakutilia hii ya dirisha. Mbu hapiti."

"Fundi, mbu si shida. Hii nyeusi itaniziba taa."

Akanitazama, akatazama picha kwenye simu. "Kwani hao samaki wako wana mabawa?"

Ukimpelekea wavu wako mwenyewe nadhani atakufanyia kazi nzuri kwa nusu ya pesa. Mwambie tu asitumie wavu wa waya. Wa mabati unadondosha zinki majini, na wa shaba ni mbaya zaidi. Kamba na konokono ndio watakaotangulia.

Usafi: kila wiki mbili wavu unajaa chumvi, hasa juu ya mapovu. Ninautoa, ninaupitisha chini ya bomba la bafuni, dakika tatu basi. Alumini ni hadithi nyingine. Pale nilipokata kwa msumeno rangi ilichubuka, na baada ya mwaka pamefanya unga mweupe. Nimekwangua, nikapaka epoksi, ninaangalia. Ningejua ningeipaka siku ileile ya kukata.

Mtihani halisi wa kitu hiki ni umeme kukatika. Taa inazimika ghafla, pampu inanyamaza, na samaki waliokuwa katikati ya maji wanarukia kokote. Mara ya kwanza tulikuwa mezani tunakula, saa mbili usiku. Giza, kisha "tap!" kwenye wavu. Kisha "tap!" nyingine. Niliacha wali nikakimbilia tochi. Faya-fishi wangu wapya, wawili, walikuwa wamerudi chini wanahema, hawana hata alama, kwa kuwa wavu unanesa. Kwenye kioo wangejigonga vichwa. Baada ya hapo nimetia kitaa kidogo cha betri pembeni kinachowaka chenyewe umeme ukienda, na miruko imepungua.

Nani anauhitaji? Ukifuga faya-fishi, hao wa Cirrhilabrus, au wale wadogo wanaochimba mashimo mchangani, nunua kabla ya samaki, si baada. Wale wa chungwa wenye mistari myeupe wanaokaa kwenye upupu wa bahari hawaruki sana, lakini wakianza ugomvi wa ndoa usiwaamini. Samaki mwembamba kama penseli chukua wavu wa milimita 3. Na mwenye mkunga asipoteze pesa kwenye mfuniko huu: mkunga atauinua kwa kichwa na kutoka zake. Huyo anataka kitu chenye uzito na vibano.

Kwa nyota ningeupa wavu tano, fremu tatu, maelekezo moja. Ningenunua tena? Wavu peke yake, ndiyo, na fremu ningempa yule fundi wa mabawa.

Usiku wa juzi umeme ulikatika tena. "Tap!" Nikamaliza sahani yangu kwanza, ndipo nikatafuta tochi.