Siku 31 za kutazama mawe: uzoefu wangu na bakteria wa chupa

Mtoto wa jirani alikuwa akichungulia mlangoni kila jioni: "Anko, leo samaki wamekuja?" Hawajaja. Sebuleni kwangu hapa Ntinda kulikuwa na tangi la lita 120, maji ya chumvi, mchanga na mawe basi. Mama yake alishakata shauri kwamba nimetapeliwa.

Mimi mtu wa Mombasa, Kampala ni mwaka wa tisa huu. Ngege na sangara wa ziwani nawapenda, lakini kwenye sahani. Nilichokuwa na hamu nacho ni kipande cha mwamba wa kwetu, chenye matumbawe. Huku hakuna pwani ya kuchota maji, kwa hiyo nilichanganya mwenyewe: chumvi ya paketi, gramu 35 na ushei kwa kila lita, na maji yaliyopita kwenye chujio la RO, lile linalosukuma maji kwenye utando mwembamba na kubakiza uchafu. Ya bomba sikuyatumia kwa sababu ya klorini. Hita nimeiweka nyuzi 26, maana usiku wa Kampala si wa Mombasa.

Mawe yangu yalikuwa makavu, hayana uhai wowote. Hapo ndipo bakteria wanapohitajika. Samaki akijisaidia, maji yanapata amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, sumu vilevile. Wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Ukiwasubiri waje wenyewe, hesabu mwezi au zaidi. Chupa ya bakteria niliyonunua iliandikwa kwamba ukimimina leo, samaki unatia leo.

Chupa ya kwanza niliikuta imepangwa dirishani, jua la saa tisa linaipiga. Niliona, nikanyamaza, nikalipa. Nikatia amonia, chakula cha bakteria, mpaka miligramu 2 kwa lita, nikamimina bakteria. Siku ya tano kipimo cha matone kijani, yaani amonia bado ipo. Siku ya kumi kijani kilekile, na nitriti hakuna hata dalili. Nikampigia muuzaji. "Tia samaki, ndugu yangu, hao bakteria wana njaa." Njaa gani, na amonia imejaa humo? Pesa hakurudisha.

Ya pili nilinunua kwingine, ikatolewa kwenye friji mbele ya macho yangu, na tarehe ya kuisha bado mbali. Safari hii nilisoma maandishi madogo: tikisa sana, zima taa ya UV (ile inayoua vijidudu majini), zima skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu). Nikaguna. Ile ya kwanza niliimimina taa ya UV ikiwaka! Kwa hiyo sitamtwika muuzaji lawama zote, ingawa dirisha lile silisahau.

Siku tatu tu, nitriti ikaonekana, zambarau kama juisi ya zabibu. Ikakaa hivyo karibu wiki mbili. Katikati yake umeme ukakatika usiku, saa sita nzima. Pampu kimya, na bakteria hawa wanataka oksijeni. Asubuhi yake nilinunua pampu ya hewa ya betri. Kipimo cha nitrati nacho kilinitisha bure: nitriti ikiwa juu, kinadanganya, kinasoma kubwa kuliko ilivyo.

Siku ya 31 nilitia tena amonia miligramu 2 jioni. Kesho yake jioni: amonia njano safi, nitriti buluu ya angani. Sifuri zote mbili. Nikabadilisha nusu ya maji kupunguza nitrati, ndipo nikaleta samaki wawili wa chungwa wenye mistari myeupe. Matumbawe bado, kwanza vumbi la kahawia lililofunika mchanga liishe.

Chupa naipa nyota tatu. Inafanya kazi ikiwa imetunzwa, lakini hiyo "leo kwa leo" ni maneno ya kibandiko. Kwangu ilichukua siku 21. Nyota tano navipa vipimo vya matone, ambavyo nusura nisivinunue kwa ubahili. Bila hivyo ningemsikiliza yule muuzaji.

Robo ya chupa imebaki, iko kwenye friji kando ya siagi. Mke wangu ameibandika karatasi: SI YA KUNYWA.