Vyombo vya kioo vyenye kifuniko cha vibanio vinne: vinafaa kwa anayepika leo, wageni waje kesho?

Vinafaa, tena sana, kwa sharti moja: kina chake kiwe kifupi. Mpishi anayeandaa chakula siku moja kabla huhangaikia viungo na moto, na chombo cha kuhifadhia hukumbukwa mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa na mvuke unafuka. Hapo ndipo chakula kizuri kinapoharibikia.

Bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za selsiasi. Kanuni inayofuatwa kwenye majiko ya biashara ni kwamba chakula kilichoiva kishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Maharage mazito yaliyoachwa kwenye sufuria ndefu usiku kucha hayawezi kutimiza hilo. Pembeni yamepoa, katikati bado vuguvugu, na asubuhi kuna povu juu na harufu ya kuchacha. Chakula kizito hakizunguki chenyewe, hivyo kina kikiongezeka mara mbili, muda wa kupoa huongezeka kama mara nne. Na kupasha moto si dawa ya kila kitu: sumu ya kutapisha ya bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayejulikana sana kwenye wali, haiharibiki kwa joto la jikoni.

Kwa hiyo kipimo kizuri cha ndani ni sentimita 22 kwa 16, kina cha sentimita 6. Chombo kama hicho huchukua lita 2 na kidogo. Lita 4 za mchuzi zikigawanywa kwenye vyombo vitatu, kina kinabaki chini ya sentimita 4, na juu pana nafasi ya kutosha hata kama kimoja kinaenda kwenye friza. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kioo hakina pa kutanukia. Vyombo vya mviringo vyenye kina kirefu vinapendeza rafuni, lakini kwa kazi hii viache.

Sasa kioo chenyewe. Kuna aina mbili sokoni. Borosilikati hutanuka kwa joto kama theluthi moja tu ya kioo cha kawaida cha soda na chokaa, hivyo huvumilia zaidi mabadiliko ya ghafla. Kioo cha soda na chokaa kilichokazwa kwa moto huvumilia zaidi kugongwa, ila joto la ghafla ndilo adui yake, na kikipasuka hutawanyika vipande vidogovidogo. Jina la chombo halitoshi kukuambia ni kipi. Pyrex ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1915 ikiwa ya borosilikati, na leo Pyrex ya huko hutengenezwa kwa kioo cha soda na chokaa. Soma maandishi ya kwenye boksi. Yasipotaja aina, kichukulie chombo hicho kama cha soda na chokaa.

Hata borosilikati isiingizwe kwenye maji ya barafu ikiwa ya moto. Kosa hili ni la kawaida: mtu anataka mchuzi upoe haraka, anaumimina ukichemka kwenye kioo, kisha anakiweka kwenye beseni la barafu. Fanya kinyume. Poza ndani ya sufuria ya chuma iliyokaa kwenye beseni la maji baridi, ukikoroga kila baada ya dakika mbili tatu, mpaka uguse sufuria bila kuungua. Ndipo umimine kwenye kioo, ukiweke kwenye friji bila kufunga, na ufunge kikishapoa kabisa. Kifuniko kikifungwa chakula kikiwa cha moto, matatizo mawili hufuata. Mvuke hugeuka matone na kudondokea chakula, na hewa ya ndani ikipoa hunywea, kifuniko kikanata kiasi cha kukatisha tamaa ya kukifungua.

Kwenye kurudisha moto ndipo kioo kinapolipa gharama yake, maana chakula kinatoka friji, kinaingia oveni na kufika mezani bila kuhamishwa. Kiache nje dakika 20 hadi 30 juu ya kitambaa kikavu, kamwe si juu ya jiwe baridi au sinki lenye maji. Toa kifuniko cha plastiki, funika kwa foili, weka kwenye oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 160. Kwa kina cha sentimita 4, tarajia dakika 35 hadi 45. Koroga mara moja katikati ya muda huo, na usitoe mpaka kipimajoto kionyeshe nyuzi 74 katikati. Usikiweke juu ya jiko wala chini ya moto wa juu wa oveni.

Msimu wa baridi ndio unaovifaidi zaidi. Nyama ya bega au muundi iliyopikwa taratibu ikilala usiku mmoja, mafuta huganda juu na kuondolewa kwa kijiko, rojo hukaza, na chumvi huenea hadi ndani ya minofu. Karoti zitoe zikiwa bado ngumu kidogo, kwa kuwa zitaiva tena kesho. Viazi visiingie friza, hutoka na chembechembe na maji. Tambi zichemshwe siku yenyewe, maana zikilala ndani ya mchuzi huunywa wote.

Msimu wa joto, chombo hichohicho hubeba saladi ya maharage au mboga za kuchoma zinazoliwa baridi. Mambo mawili hapa huwaponyoka wengi. Ndimu au siki ikikaa na mboga za kijani usiku kucha huzigeuza rangi ya kaki, hivyo itie dakika chache kabla ya kula. Pia baridi hufifisha ladha ya chumvi, basi onja upya baada ya kutoa kwenye friji.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kifuniko. Vibanio hukatika pale kwenye mstari mwembamba vinapokunjikia, hasa vikifunguliwa vikiwa vimetoka friza, kwa sababu plastiki yake hukakamaa na kuwa dhaifu kwenye baridi kali. Subiri dakika tano. Mpira wa silikoni unaoziba kifuniko nao huficha mafuta na uchafu kwenye mfereji wake, na ukungu huanzia hapo. Uchomoe kwa ncha ya kijiti, si kisu, uoshe peke yake, uukaushe kabla ya kuurudisha. Kifuniko ambacho mpira wake hauchomoki hakifai, hata kama kioo chake ni kizuri.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye mdomo wa chombo ukitafuta pengo au kigongo, na uulize kama vifuniko vya akiba vinauzwa peke yake. Nyumbani tia maji hadi nusu, funga, kigeuze juu chini kwa dakika 10 juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa hata kidogo, kirudishe.

Kwa wageni sita hadi wanane, nunua vitatu vya lita 2 na viwili vya lita 1. Hivyo vidogo ni vya sosi na vya kachumbari itakayochanganywa mezani. Lakini pima rafu ya friji kwanza: kioo kikijaa kina uzito wa karibu kilo 3, na vitatu vikibebana vinahitaji rafu ngumu na nafasi ya sentimita 25 kwenda juu.