Rangi ya kijani ilituponza: uzoefu wangu na mafunzo ya simulesheni ya roboti

Laki na nusu. Tulichanga wanne, wote wa klabu ya roboti chuoni, tukalipia mafunzo ya simulesheni ya uhandisi, yaani kukijaribu kifaa kwenye kompyuta kabla ya kukitengeneza, kwa njia ya mtandao. Natoa nyota moja.

Programu haina kosa. Tulitumia FreeCAD ya kuchorea na kikokotoo chake CalculiX, vyote vya bure, ukiwa na bando unavishusha. Kwa hiyo ile laki na nusu ilikuwa ya kupata mtu wa kumuuliza. Hilo tu.

Sasa sikieni. Tulichora kipande cha umbo la L cha kushika mota ya bega la mkono wa roboti. Mkono una sentimita 30 na unanyanyua kilo 1 nchani, yaani nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni-mita 3 pale begani. Tukaweka mzigo kama tulivyofundishwa, meshi (vile vipande vidogo ambavyo kompyuta hukigawa kifaa ili ikokotoe) ya milimita 4, skrini ikawa bluu na kijani tupu, rangi za kuonyesha mkazo ni mdogo. Mkufunzi mwenyewe akasema kimepita. Tukakichapa kwa printa ya 3D, inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, kwa plastiki iitwayo PLA. Siku ya majaribio mkono ukashuka, ukasimama ghafla, tukasikia tak! Kimekatika kwenye kona ya ndani. Mkato umenyooka, ukipitisha kucha unaihisi mistari ya tabaka za plastiki.

Kipindi kilichofuata nikakiinua mbele ya kamera, nikauliza kwa adabu: "Mwalimu, hapa tumekosea wapi?" Akanijibu watu wote wakisikia: "Dogo, programu haikosei. Mmechapa vibaya. Tusipotezeane muda." Akanizimia maiki. Nilibaki nimekishika kile kipande, mdomo wazi.

Jibu nilikuja kulipata mwenyewe, usiku kucha. Nikapunguza meshi hadi milimita 2, kisha 1, kisha nusu: mkazo, yaani nguvu inayokielemea kila kipande cha eneo, pale konani ukazidi kupanda, haukutulia hata mara moja. Kona kali ya ndani ndivyo ilivyo, namba yake haiaminiki mpaka uiviringe. Tena tuliiambia kompyuta kwamba plastiki ina nguvu sawa kila upande, wakati kitu kilichochapwa huachia kirahisi zaidi kati ya tabaka na tabaka. Na mzigo wetu ulikuwa wa kutulia, ilhali mkono ukisimama ghafla unapiga. Mwalimu mwenye nia angeyasema yote hayo kwa dakika 10! Tumeviringa kona kwa milimita 5, tukakilaza kipande ubavu kwenye printa, na mpaka leo kinanyanyua.

Haki yake lakini nimpe. Somo la pili, la namna ya kushikiza kipande, sijawahi kufundishwa vizuri hivyo popote. Alituonyesha kwamba ukigandisha uso mzima wakati kwa kweli kinashikwa na boliti mbili, unajipa ugumu ambao haupo. Nilirudia michoro yangu yote ya nyuma. Kwa somo hilo peke yake ningempa nyota nne, na pesa nisingeidai.

Ila nikikumbuka ile "dogo", zinarudi kuwa moja. Wadogo zetu wa sekondari nao wamo kwenye darasa lile, wanaandaa roboti za mashindano, na walimsikia akisema programu haikosei. Nani atawaambia?

Juzi nimemwandikia kuomba niingie somo la pili tu kwa awamu mpya, nilipe nusu. Hajajibu.