Safari ya moto, Talisker ya matone mawili: uzoefu wangu wa bia na wiski

Kundi letu la kuonja vinywaji hapa Sinza, Dar es Salaam, lina kanuni moja: lebo zinafichwa. Mmoja anamimina jikoni, wengine tunaletewa glasi zenye namba, kila mtu anaandika alichokisikia puani na mdomoni, ndipo majina yanatajwa. Tuliamua hivyo kwa sababu ubishi wa baa hauishi. Mtu wa bia ya Safari hamkubali mtu wa Kilimanjaro, na mnywaji wa wiski ya Black Label huwa hana habari na wote wawili. Glasi isiyo na jina inawasawazisha.

Nianze na bia. Safari Lager ndiyo yangu na sioni sababu ya kuficha. Ipo tangu 1977, kilevi chake ni asilimia 5.5, na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kinasikika: utamu wa mkate uliookwa, kisha uchungu kidogo unaobaki nyuma ya ulimi. Ila Safari ninayoisifu ni ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji. Mhudumu akikuuliza "baridi au moto?" anakuuliza swali kubwa kuliko linavyosikika. Baridi kali inaufanya ulimi ufe ganzi na kuizuia harufu isipande, kwa hiyo lager zote zinakaribia kufanana. Wazee wanaoagiza ya moto wanajua wanachokitafuta. Nakubali hata hivyo kwamba "moto" wa Mbeya au Arusha mwezi wa saba si moto wa Dar mwezi wa pili. Huku kwetu naitoa kwenye friji, naiacha mezani kama robo saa, ndipo nafungua. Hapo Safari inanukia kabisa.

Kilimanjaro ni kinyume chake. Ni nyepesi, asilimia 4.5, na inataka ubaridi. Ukiwa Kigamboni jua la mchana, samaki wa kukaanga mezani na ndimu pembeni, sijui bia ya hapa nchini inayoishinda. Iache nusu saa mezani ubaridi uishe na utaona haina cha kukuonyesha zaidi, ladha inatawanyika. Simaanishi ni bia mbaya, kazi yake ndiyo hiyo.

Tusker ya Kenya, ya asilimia 4.2, ndiyo inayotuchanganya zaidi kwenye glasi zenye namba. Watu wanaodai kuitambua hata gizani wameiita Kilimanjaro, na Kilimanjaro wakaiita Tusker. Mimi naitambua kwa utamu wake wa mwanzo unaoisha haraka. Historia yake naipenda kuliko ladha: kampuni ilianzishwa 1922 na ndugu wawili wa familia ya Hurst, mmoja wao, George, akauawa na tembo alipokuwa akiwinda mwaka uliofuata, na tembo huyo ndiye anayekumbukwa kwenye jina na lebo. Guinness tunayoipata huku, ile Foreign Extra Stout, naiweka pembeni kabisa. Shayiri yake imekaangwa hadi ikawa nyeusi, ina uchungu wa kahawa, na nyama choma yenye mafuta inaifaa kuliko lager yoyote.

Jambo moja la kuangalia dukani ni rangi ya chupa. Mwanga unavunja kemikali za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kutengeneza harufu ya salfa, ile inayofanya bia inuke vibaya hata kabla ya tarehe yake kuisha. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo tu. Kwa hiyo bia ya chupa ya kijani iliyopangwa dirishani juani sinunui, hata iwe na jina gani. Naomba iliyoko ndani ya kreti, gizani.

Sasa wiski. Wengi wanaiona ni ulimwengu mwingine, lakini wiski ya kimea ya Scotland inaanza kama bia isiyo na hopsi: shayiri inageuzwa kimea, inachachushwa, ndipo inachemshwa kwenye mitungi ya shaba na kukaa kwenye mapipa ya mwaloni. Sheria ya huko inataka miaka isiyopungua 3 pipani na kilevi kisichopungua asilimia 40. Umri ulioandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo, si wastani.

Johnnie Walker Black Label, ya miaka 12, imenifanya niiheshimu kwenye meza ya lebo zilizofichwa. Ina zabibu kavu, vanila, na moshi mwembamba nyuma yake, na imewahi kuzipita chupa za bei ya juu zaidi. Glenfiddich 12 ni laini, peasi na asali, nzuri kwa anayeanza, ila mimi inanimaliza hamu mapema. Jameson ya Ireland imechemshwa mara tatu na haina moshi; ikichanganywa na soda ya Stoney Tangawizi na barafu inakaa vizuri sana, na simlaumu mtu kwa hilo.

Kipenzi changu ni Talisker 10 kutoka kisiwa cha Skye. Ina asilimia 45.8, moshi, chumvi ya pwani, na pilipili manga inayokuja mwishoni. Laphroaig 10 ya kisiwa cha Islay ina moshi zaidi, kwa sababu kimea chake kinakaushwa kwa moshi mwingi zaidi wa peti, yaani mabaki ya mimea yaliyolundikana kwenye vinamasi. Wenzangu wengine wakiinusa wanasema hospitali, na kweli harufu ya dawa ya vidonda imo. Mimi naipenda, lakini glasi moja inatosha.

Kwa Talisker, weka matone mawili ya maji ya kawaida. Usiweke barafu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji yanasaidia molekuli ya harufu ya moshi, guayakoli, ikae juu ya kinywaji, karibu na pua. Ukinusa kabla na baada, tofauti ipo wazi: ukali wa pombe unarudi nyuma, moshi na matunda vinatangulia.

Chupa hizi ni ghali, kwa hiyo tunachangishana. Kabla ya kulipa naskani stempu ya kodi kwa programu ya Hakiki Stempu, maana wiski feki zipo. Ukitaka kuanza bila gharama, nunua Safari mbili, moja iache kwenye friji mpaka mwisho, nyingine itoe robo saa mapema, umwambie mtu akumiminie huku umegeuka. Wiski itafuata.