Hilux yangu ilitetemeka ikifika 80, na tairi hazikuwa na kosa

Hilux yangu ni ya mwaka 1996, 4x4, dizeli ya lita 2.8, na naipenda. Imesomesha watoto watatu kwa kuingiza unga na makaa Lubumbashi. Kwa hiyo ilipoanza kutetemeka baada ya Pasaka, sikulala vizuri. Mjini haikuonyesha kitu, maana kutoka Katuba hadi katikati ya mji unatembea 40 na mashimo yenyewe yanakutikisa. Lakini kwenye lami ya kwenda Likasi, mshale ukigusa 75, sakafu inaanza kunguruma chini ya miguu. Ikifika 85, kioo cha ndani kinacheza hadi huoni gari lililo nyuma yako. Ukipita 100 inapungua kidogo, ila nani apite 100 na gari la umri huo, katikati ya malori ya madini?

Nilianza na tairi, kama wengi. Garaji ya kwanza ilifanya balansi kwa dola 20, gari likabaki vilevile. Wakasema tairi za mbele zimechoka, nikanunua mbili kwa dola 190, likabaki vilevile. Garaji ya pili ilinyoosha magurudumu ya mbele, halafu ikataka ninunue na rimu. Hapo nilikataa. Niseme haki: kuangalia tairi kwanza si kosa. Wakati wa mvua udongo mwekundu wa huku hujibandika ndani ya rimu, ukikauka unavuta upande mmoja, na gari linatetemeka kweli. Kuosha rimu kwa ndani ni kazi ya maji na brashi tu. Kinachoniuma hadi leo ni kuuziwa tairi na watu ambao hawakuniuliza swali hata moja.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa Kamalondo anayefanya kazi uani kwake. Jina lake siliandiki, aliniomba hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Papa, mbele ya huu ugonjwa kuanza, walifungua nini ku gari?” Nikafikiri. Nikakumbuka kwamba wiki moja kabla ya Pasaka nilibadilishiwa krosi za kardani mahali pengine, yaani vile viungo vya msalaba kwenye ncha za bomba linalozunguka chini ya gari. Sikuwa nimezitilia shaka hata siku moja, kwa sababu zilikuwa mpya.

Jumapili alfajiri, barabara ikiwa nyeupe, tukatoka naye. Alikaa kiti cha abiria, kiganja kimoja kwenye sakafu. Akaniambia nishike 80 kwa gia ya tano, halafu 80 ileile kwa gia ya nne. Injini ilipiga kelele zaidi, mtetemo haukubadilika hata kidogo. Kisha nikapandisha hadi 90, nikakanyaga klachi na kutoa gia, injini ikashuka na kutulia, gari likaendelea kuteleza. Mngurumo ulibaki palepale na ukapungua tu kadiri mwendo ulivyopungua. Kwa hiyo injini ilikuwa haihusiki, wala klachi. (Ukijaribu hili usizime injini: breki na usukani vitakuwa vizito ghafla. Na hakikisha nyuma yako hakuna gari.) Nikafunga breki mara kadhaa, mtetemo haukuongezeka, kwa hiyo diski na ngoma nazo zikaachwa.

Alichonieleza njiani nimekihifadhi. Kwenye 80, gurudumu la gari kama hili huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde. Kardani, lile bomba la chuma linalopeleka mzunguko hadi difu ya nyuma (boksi la gia katikati ya ekseli), huzunguka karibu mara nne ya hapo. Ndiyo maana gurudumu bovu hutikisa polepole, na la mbele hujionyesha kwenye usukani. Kardani hutoa mtetemo wa haraka, kama nyuki ndani ya mzinga, na unausikia kwenye kiti na miguuni. Usukani wangu ulikuwa umetulia muda wote. “Hii haiko pine,” akasema, yaani si tairi, “iko kardani.”

Uani kwake aliweka mawe kwenye magurudumu, akaingia chini. Alizishika krosi moja moja na kuzitingisha: nzima, hazichezi. Kisha akaniita niingie na mimi, nikalala kwenye katoni kando yake. Kila ncha ya kardani ina uma unaoshika krosi, na katikati kuna sehemu ya meno inayoingia na kutoka. Uma hizo mbili zinatakiwa kulala mstari mmoja. Krosi ikizunguka ikiwa imeinama, haizunguki kwa mwendo sawa: huharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, na krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kosa hilo. Yangu ilikuwa imerudishwa meno kadhaa pembeni. Aliyeichomoa hakupiga alama, akairudisha popote ilipokubali kuingia. Ukiangalia ukiwa umesimama huoni kitu, lakini pale chini, macho yakiwa usawa wa bomba, uma moja ilionekana wazi imegeukia pembeni kuliko mwenzake.

Alipiga alama kwa patasi kwenye difu, akafungua bolti nne, akavuta, akazungusha meno, akapaka grisi, akafunga. Dakika 40. Dola 25.

Nilirudi kwenye barabara ileile. Nilipita 75, nikapita 85, na kioo cha ndani kikasimama. Nilisimama pembeni kidogo kabla ya kugeuza, kwa furaha tu.

Sasa upungufu wake. Alichelewa saa mbili siku ya kwanza. Hana mashine ya kubalansi kardani, na karibu na 105 bado nasikia mvumo mdogo, ambao yeye mwenyewe aliniambia mapema kwamba huenda ukabaki. Tena wiki hizo zote za kutetemeka zimeacha jeraha: sili ya mbele ya difu, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, imeanza kuvuja. Alinionyesha tone lenyewe kabla sijalipa, akasema niangalie kipimo cha mafuta ya difu kila wiki na nisitembee mbali na hali hiyo. Sili nimeshanunua. Jumamosi narudi kwake.